Pasipoti, hati ya dharura au kitambulisho: ubebe nini ukivuka mpaka Afrika Mashariki?

Basi la alfajiri kutoka Arusha hufika Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, abiria wengine wakiwa bado wanapiga miayo. Kondakta anagonga bati kwa kiganja, "Haya, shukeni na hati zenu, mizigo acheni humu humu," na watu wanajipanga. Asubuhi moja mbele yangu walisimama watatu. Kijana mmoja alikuwa na pasipoti, akamaliza kabla sijapata nafasi ya kuweka begi chini. Mama mmoja mfanyabiashara alitoa hati ya dharura iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imechanika, akaambiwa muda wake umekwisha wiki iliyopita. Wa tatu alikuwa mzee, mwalimu mstaafu, amekishika kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, kwa mikono miwili kama mtu anayepokea zawadi.

"Shikamoo mzee. Hiki hakitakuvusha hapa."

"Marahaba. Lakini redioni walisema watu wa Afrika Mashariki wanavuka kwa vitambulisho."

Redio haikukosea. Ilikuwa inazungumzia mipaka mingine. Na hapo ndipo watu wengi wanapokwama: wanasikia neno "viza imefutwa" au "kitambulisho kinatosha" na kudhani Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima ni nyumba moja yenye mlango mmoja. Nyumba ni moja, sawa, ila kila chumba kina kitasa chake.

Viza ni jambo moja, hati ni jambo jingine

Tulimalize hili kwanza. Mtanzania anayekwenda Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi haombi viza, na wenzake wa huko hawaombi viza kuja kwetu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa Jumuiya haki ya kuingia nchi mwenzake na kupewa kibali cha mgeni cha hadi miezi 6 bila kulipia.

Ila kutohitaji viza hakukuondolei kuonyesha hati ya kusafiria. Viza ni ruhusa ya mwenye nyumba. Hati ni uthibitisho kwamba wewe ndiye wewe na kwamba nchi yako itakupokea ukirudi. Mwenye nyumba akikuambia "karibu muda wowote", bado mlinzi getini atataka kukujua. Kwa hiyo swali la raia wa Jumuiya ni hati gani, na swali la viza tutalirudia chini kwa ajili ya wageni wenu wa kutoka mbali.

Kitambulisho cha taifa

Tangu Januari 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa. Mganda anapita Busia au Malaba na kadi yake mfukoni, anakwenda Nairobi, anarudi. Mnyarwanda hivyo hivyo kupitia Gatuna, mpaka wa Rwanda na Uganda. Kwa watu wa nchi hizo tatu, wanaosafiri ndani ya nchi hizo tatu, sioni sababu ya kuhangaika na karatasi nyingine kwa safari ya siku mbili tatu.

Tanzania haimo kwenye mpango huo. Itifaki yenyewe inaacha jambo hili mikononi mwa nchi: zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya kielektroniki zitumie, ambazo hazijakubaliana ziendelee na pasipoti au hati nyingine. Maana yake ni kwamba kadi ya NIDA haikuvushi Namanga, Sirari, Horohoro, Mutukula wala Rusumo. Na Mkenya akija upande wetu na kitambulisho chake peke yake, atarudishwa akatafute hati hata kama wiki iliyopita alikitumia kwenda Kampala na kurudi. Hili huwaudhi sana Wakenya, na siwalaumu.

Kitambulisho kina udhaifu mwingine usiosemwa sana. Hakina ukurasa wa kugongwa muhuri. Ukikitumia, ile karatasi au risiti ya kuingia utakayopewa ndiyo ushahidi wako pekee kwamba uliingia kwa halali. Ipige picha kwa simu kabla hujaipoteza kwenye mfuko wa suruali.

Pasipoti na hati ya dharura

Hapa ndipo Mtanzania anapochagua kweli, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa nchini Januari 2018. Ada yake ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Wengi wakiisikia hiyo laki na nusu wanaguna. Igawe: ni shilingi 15,000 kwa mwaka. Mtu anayevuka mpaka mara mbili tu kwa mwaka anatumia zaidi ya hiyo kwa nauli ya kwenda tu.

Hati ya dharura ya safari ni ya bei ndogo zaidi, inatoka haraka, na imekusudiwa nchi za jirani. Kwa msiba wa ghafla Mombasa, au mgonjwa anayepelekwa Nairobi kesho kutwa, hiyo ndiyo hati yenyewe. Jina lake linajieleza. Wakenya nao wana hati yao ya muda ya namna hiyo, na wengi wanaoingia kwetu kupitia Holili au Lunga Lunga wanaitumia. Hakuna ubaya wowote.

Ubaya unaanza mtu anapoigeuza hati ya dharura kuwa mtindo wa maisha. Mama yule wa Namanga alikuwa anavuka kila mwezi kufuata vitenge. Kila karatasi ikiisha anaomba nyingine, na kila akiomba anapoteza siku ya biashara, nauli ya kwenda ofisini na gharama za picha. Kwa miaka mitatu alikuwa ameshalipa pasipoti bila kuipata. Ni kama mtu anayepanga chumba kwa siku, kila asubuhi anaona amelipa kidogo.

Kuna jambo la pili, na ndilo zito zaidi: hati ya dharura inakufikisha mpaka wa kwanza vizuri, lakini haikuandai kwa mpaka wa pili. Fika Nairobi, upate habari kwamba mzigo mzuri uko mahali ambako lazima uende kwa ndege, nje ya ukanda huu, na safari yako imeishia hapo. Umebeba karatasi ambayo haitambuliki huko mbele, na kupata pasipoti ukiwa ugenini ni safari nyingine ya ubalozini. Mwenye pasipoti anabadili mawazo akiwa njiani. Mwenye hati ya dharura ameshaamua mwisho wa safari yake kabla hajapanda basi.

Upande wa hati ya dharura niseme hili kwa haki: maombi ya pasipoti yanadai zaidi. Fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, halafu wanataka namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na ushahidi wa uraia wa mzazi. Kwa kijana wa mjini ni kazi ya wiki. Kwa mtu ambaye baba yake alizaliwa kabla ya uhuru na hakuwahi kuwa na cheti, ni kiapo, ni barua ya mtendaji, ni kuzunguka. Kama uko hapo na safari ni Jumatatu, chukua hati ya dharura bila aibu. Ila ukirudi, anza kukusanya vyeti.

Na wanaoulizia "pasipoti ya Afrika Mashariki" kama kitu cha tatu: zamani ilikuwepo, kijitabu cha kusafiria ndani ya ukanda tu. Siku hizi pasipoti ya kielektroniki ya nchi yako ndiyo hiyo hiyo, imeandikwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye jalada. Usitafute nyingine.

Njia ya panya

Naiweka kwenye ulinganisho kwa sababu watu wanailinganisha kimoyomoyo, tusijifanye. Kutoka Sirari hadi Isebania, au kule Tunduma ambako nyumba na duka vinatenganishwa na mpaka kwa hatua chache, kuvuka bila kupita dirishani ni rahisi kuliko kuvuka kwa foleni. Bodaboda wanajua kila uchochoro.

Kuingia kwa njia ya panya hakuna shida. Shida iko baadaye, kwenye kizuizi cha polisi kilomita 40 ndani ya nchi, askari anapofungua hati yako na kutafuta muhuri. Hapo huna kesi ya kujitetea. Kisheria wewe ni mhamiaji haramu hata kama ungepita dirishani ungepigiwa muhuri bure. Na ukiibiwa au ukigongwa na gari, unaogopa kwenda kituo cha polisi. Sijaona biashara ya kitenge inayostahili hilo.

Wenyeji wa mipakani ni habari nyingine. Sehemu nyingi wana utaratibu wao wa ujirani, wa kwenda sokoni na kurudi siku hiyo hiyo. Watu wa Goma ya Kongo na Gisenyi ya Rwanda, kwa mfano, kwa miaka mingi wamevuka kwa jetoni, yaani kikaratasi cha kuvukia, au hati ndogo ya nchi za Maziwa Makuu, maelfu kwa siku, vikapu kichwani. Utaratibu huo ni wa mkazi, una mpaka wake wa umbali na wa muda. Ukiutumia kufika mji mkuu, umerudi kwenye njia ya panya.

Mgeni wako kutoka mbali: viza moja ya pamoja au ya kila nchi?

Sasa viza yenyewe. Tuseme una rafiki Mjerumani au shemeji Mmarekani anayetaka kuzunguka ukanda huu kwa basi.

Kenya, Uganda na Rwanda zina viza ya pamoja ya utalii tangu 2014. Ni dola 100, siku 90, anaingia na kutoka kati ya nchi hizo tatu anavyotaka. Inaombwa kwa nchi atakayoingia kwanza. Ukilinganisha na kununua moja moja: idhini ya kielektroniki ya Kenya ni takriban dola 30, viza ya Uganda 50, ya Rwanda 50. Jumla 130. Kwa nchi tatu, viza ya pamoja inashinda. Kwa Kenya na Uganda tu, mara moja kila moja, zile mbili zinakuja kama 80, na viza ya pamoja inakuwa hasara. Tena mwenye pasipoti ya Uingereza au nchi nyingine ya Jumuiya ya Madola halipii viza ya Rwanda kwa ziara fupi, kwa hiyo hesabu yake inageuka kabisa.

Mtego wa viza ya pamoja ni Tanzania. Sisi hatumo. Mgeni akitoka Nairobi kuja Arusha kuona Ngorongoro, ameshatoka nje ya eneo la viza, na viza yake imekufa hata kama alibakiwa na siku 60. Atalipa viza ya Tanzania, dola 50 kwa mataifa mengi na 100 kwa Wamarekani, halafu akirudi Kenya ataanza upya. Kwa mgeni kama huyo napendekeza apange Tanzania iwe mwanzo au mwisho wa safari, isiwe katikati. Ratiba ikishapinda hivyo, viza ya pamoja inarudisha thamani yake.

Kuomba mtandaoni au kulipia mpakani

Hapa pande mbili za Namanga hazifanani, na wageni wengi wanachanganyikiwa. Kuingia Tanzania, mataifa mengi bado yanaweza kupata viza palepale mpakani. Kuingia Kenya, hakuna kitu kama hicho: tangu Januari 2024 mgeni kutoka mbali anatakiwa awe na idhini ya kielektroniki kabla hajafika, na dirishani hakuna wa kumuuzia. Mtanzania na wenzake wa Uganda, Rwanda na Burundi hawaombi idhini hiyo.

Hata kwa upande wa Tanzania, kama kuna nafasi, aombe mtandaoni kabla. Viza ya mpakani inategemea vitu vitatu visivyo mikononi mwake: mtandao kuwa juu, mfumo wa malipo kupokea kadi yake, na dereva kuwa na subira. Nimewahi kuwa kwenye basi lililoondoka na kumwacha msichana wa Kihispania akiwa bado anasubiri namba ya malipo. Begi lake tuliliona limebaki kwenye buti tulipofika mjini. Kampuni ilisema abiria mwingine ana haki ya kufika kwa wakati, na ni kweli, lakini ni ukweli wa baridi sana. Wanaoomba mpakani wawe na gari lao au la kukodi. Wanaokuja kwa basi la umma waje na viza tayari.

Mataifa machache hayapati viza ya Tanzania mpakani hata kidogo, maombi yao yanapelekwa kwanza makao makuu kwa idhini. Huyo akija akitegemea dirisha, atarudi alikotoka.

Dirishani kwenyewe

Namanga, Rusumo, Mutukula, Holili na mipaka mingine mikubwa sasa ni vituo vya pamoja. Unapita upande wa nchi yako bila kusimama, unaingia jengo la upande wa pili, na humo ndani wamekaa maofisa wa nchi zote mbili. Dirisha la kwanza unagongewa kutoka, la pili kuingia. Wageni wa utaratibu huu hukosea jambo moja: wanaona dirisha la pili halina foleni wanakwenda moja kwa moja. Ukikosa muhuri wa kutoka, siku ya kurudi utaulizwa ulitokaje nchini.

Kabla hujaondoka dirishani, soma muhuri. Ile miezi 6 ya itifaki ni kiwango cha juu. Ofisa anaandika siku kulingana na ulichomwambia, na ukisema "nakuja kusalimia wiki moja" usishangae kuona ameandika siku chache. Za kuhesabu ni zilizoandikwa kwenye ukurasa wako. Na kibali hicho ni cha kutembea. Kazi ya mshahara au kufungua duka kunahitaji kibali chake, pasipoti iwe mpya vipi.

Kadi za njano ni mbili, watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya kwako mwenyewe. Inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 inadumu maisha yote hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika; hiyo inahusu gari, na Tanzania inaitambua ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ukivuka na gari dogo unahitaji zote mbili, pamoja na kadi ya gari, na barua ya mwenye gari kama si lako. Ukivuka na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa, na kama mzazi mwenzako hayupo, barua yake ya ridhaa.

Halafu kuna jambo ambalo hati yoyote haiwezi kulitatua. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Watu wenye pasipoti safi kabisa walibaki upande usio wao. Piga simu kwa mtu aliyevuka juzi kabla hujakata tiketi. Na kama unaelekea Rusumo, kumbuka Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, basi la saa 3 asubuhi la upande wa pili ni saa 4 kwenye saa yako.

Mzee yule mwalimu alirudi Arusha na basi lililofuata. Tulibadilishana namba kwenye foleni, na siku chache baadaye akanipigia kuniuliza achukue ipi, maana safari zake ni mara moja kwa mwaka, kumwona mjukuu Nairobi. Nikamwambia kwa safari hiyo moja hati ya dharura inamtosha kabisa, asijisumbue. Akanyamaza kidogo.

"Nitachukua pasipoti," akasema. "Mjukuu mwenyewe ameanza kusema kazi imemhamisha Dubai."